Mtafiti, Makala Zake na Sanadi Inayoanzia Mlangoni

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Kibarani baada ya sala ya alasiri, mwezi wa Ramadhan. Imeandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini, na wale walioshindwa na jua wakabaki wamelala.)



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, nilipoitwa kutoa mada najua lililotarajiwa kwangu. Vijana someni, ondokeni maskani, wacheni miraa. Hayo mumeyasikia mpaka masikio yamechoka, na aliyewaambia alikuwa na ndevu kunishinda. Mimi nataka kuzungumza juu ya jambo moja dogo ambalo kule chuo kikuu lafanywa kubwa sana: vipi mtafiti wa mambo ya tiba anahesabiwa makala zake, na vipi anahesabiwa mara alizonukuliwa na wenzake. Utauliza, hesabu hiyo yatuhusu nini sisi watu wa Kibarani, tuliopakana na magodauni na matrela ya bandarini, na ambao kwa miaka mingi tulijulikana kwa jaa la taka tu? Nisubiri. Mwishoni nitakwambia jambo langu mwenyewe, na si la kujisifu.

Kwanza tuelewane. Sisi tumezoea kuuliza, "Huyu shekhe ameandika vitabu vingapi?" Watafiti wa maradhi hawaandiki vitabu sana. Wao huandika makala, kurasa saba, nane, kumi, kwenye majarida ambayo hayauzwi pale Mwembe Tayari. Makala hupelekwa kwa wajuzi wengine wayasome na kuyakosoa kwanza, kisha ndiyo yachapishwe. Yakishatoka, mwengine akiandika yake na akategemea uliyoyapata wewe, lazima akutaje. Huko kutajwa ndiko kunukuliwa. Mmarekani mmoja, Eugene Garfield, alitoa wazo mwaka wa 1955 kwamba kutajwa huku kote kukusanywe kwenye faharasa moja, na mwaka wa 1964 faharasa ikatoka. Lengo lake lilikuwa mtu aweze kufuata fikra moja ilikopita, nani kaichukua kwa nani. Watu wakaigeuza mizani ya kupimia wanadamu. Hiyo si ajabu, kila chenye tarakimu tutakigeuza mizani tu.

Sasa nikutajie mtu. Abdisalan Mohamed Noor ni Mkenya. Hakuwa akitibu wagonjwa wodini. Kazi yake ilikuwa ramani na hesabu: malaria iko wapi, zahanati iko umbali gani na mtoto, chandarua kimefika kwa nani. Aliifanya na wenzake katika ule mradi wa taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust, ambao kituo chake cha Kilifi kilianza mwaka wa 1989, mwendo wa matatu moja tu kutoka hapa. Nimemchagua huyu kwa sababu makala zake ukizipanga kwa miaka, unaona safari ya mtu.

Lakini lazima ujue siri moja. Katika makala za tiba majina hayapangwi kwa alfabeti wala kwa umri. Wa kwanza ndiye aliyebeba kazi mabegani. Wa mwisho, mara nyingi, ndiye mkuu aliyeisimamia. Wa katikati wamesaidia, wengine sana, wengine kidogo, na Mungu ndiye ajuaye. Mwaka wa 2003 Noor alikuwa jina la kwanza katika makala juu ya masikini wa Kenya na umbali wao na zahanati. Ni makala ya maana, lakini si ya kupigiwa ngoma. Mwaka wa 2005 jina lake likatokea ndani ya Nature, jarida ambalo watu hulitafuta umri mzima wasiingie. Hapo yeye ni wa tatu kati ya watano, na wa kwanza ni Robert Snow, aliyefanya kazi Kenya miaka mingi. Mwaka wa 2009, na tena 2014, ni wa kwanza katika The Lancet. Mwaka wa 2017 Nature tena, makala juu ya malaria Afrika tangu mwaka wa 1900, na safari hii Snow ni wa kwanza, Noor ni wa mwisho. Mwanafunzi na mwalimu wameshika ncha mbili za kamba moja. Mimi nilipoliona hilo nilifurahi peke yangu chumbani kama mwendawazimu.

Ile ya 2005 ndiyo iliyonukuliwa kupita kiasi, zaidi ya mara elfu moja. Walisema kwamba mwaka wa 2002 malaria kali ile ya falsiparamu iliwapata watu mara milioni 515 duniani, huenda milioni 300, huenda 660. Hesabu hiyo ilizidi ya Shirika la Afya Duniani kwa hadi nusu nzima. Ilikuwa kama kijana wa mtaani kumwambia karani wa serikali, "Bwana, daftari lako lina kasoro." Na angalia mambo ya dunia: baadaye Noor mwenyewe akaenda Geneva, kwenye shirika lilelile, idara ya malaria, katika kazi hiyohiyo ya takwimu. Aliyekosoa daftari akapewa kalamu. Wala usidhani ile 515 ilibaki kama nguzo isiyotikisika. Njia za kuhesabu zilibadilika, na makadirio ya shirika yaliyotoka mwaka wa 2008 yalikuwa ya chini sana, milioni 247 kwa mwaka wa 2006. Kwa mwaka wa 2023 walikadiria milioni 263, na vifo 597,000. Makala ya 2005 ingali yanukuliwa. Kunukuliwa hakumaanishi tarakimu yako ndiyo ya mwisho. Kwamaanisha walokuja nyuma hawakuweza kupita bila kubisha hodi kwako.

Kuna na kipimo kingine, chaitwa kipimo cha h, alichokitunga Hirsch mwaka huohuo wa 2005. Hebu tukifanye kwa haraka maana watu hukiogopa bure. Mtu ana makala tano. Moja imenukuliwa mara 90, ya pili 12, ya tatu 4, ya nne 3, ya tano haijatajwa na yeyote. Basi h yake ni 3, kwa sababu ana makala tatu ambazo kila moja ina angalau nukuu tatu, na hana nne zenye nne nne. Umeona? Sasa hiyo ya 90 ingekuwa 9,000, h yake ingebaki 3. Na kwa namba kama hii watu huajiriwa, hunyimwa pesa za utafiti, hukosana. Ndiyo maana nasema usishangazwe na namba kabla hujauliza imepikwa vipi.

Tuje kwenye chandarua, maana hapo ndipo moyo wa mada yangu ulipo.

Kwamba chandarua chenye dawa huokoa mtoto, hilo lilithibitishwa hukuhuku pwani. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 1996 ulionyesha vifo vya watoto vilipungua kwa thuluthi moja, na waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Sawa. Ugomvi uliobaki ulikuwa mmoja: kiuzwe au kitolewe bure? Kulikuwa na wakubwa waliosema cha bure hakithaminiwi. Mtu atakishona shela, atafugia kuku, atavulia samaki. Kwa hiyo Kenya ilianza kwa kuuza madukani kwa bei nafuu. Tangu mwishoni mwa 2004 mama akakipata kliniki kwa shilingi 50. Kisha mwaka wa 2006 serikali ikagawa vyandarua milioni 3.4 bure.

Noor na wenzake watatu walikuwa wameshaanza kuwafuata watoto zaidi ya elfu tatu katika wilaya nne, na moja wapo ni Kwale yetu. Walikwenda nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka, swali ni hili: je, mtoto huyu alilala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia leo? Mwaka wa 2004, katika watoto mia, saba tu. Mwaka wa 2005, ishirini na tatu na ushee. Baada ya ugawaji wa bure mwaka wa 2006, sitini na saba. Na lililonigusa mimi si hizo sitini na saba. Wakati wa kuuza, aliyekosa kabisa ni masikini wa masikini. Kilipogawiwa bure, mtoto wa masikini na mtoto wa mwenye nafuu walikaribia kuwa sawa. Utafiti mwengine kwenye watoto haohao, ulioongozwa na Fegan na Noor akawa wa pili, ukaonyesha vifo vimepungua kwa asilimia 44 kwa waliokuwa na kinga ile.

Tarehe 16 Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya: vyandarua vya dawa vifike kwa kila mtu wa sehemu zenye malaria, vigawiwe bure au kwa bei ya kutupa, na likaitaja Kenya kuwa ndiyo ushahidi. Makala ya vyandarua ilitoka mwezi huohuo katika PLoS Medicine. Ile ya vifo ilitoka The Lancet mwezi uliofuata. Yaani kazi ilibadilisha dunia kabla mtu hajapata wasaa wa kuinukuu! Niambie, ni faharasa gani itahesabu hilo? Mtoto aliyelala Mozambiki au Kongo ndani ya chandarua cha bure hajui jina la Noor, wala hatamtaja tanbihini.

(Aside kwa wanafunzi: PLoS Medicine yasomwa bure na yeyote mwenye simu. Nature na The Lancet mara nyingi utaambiwa ulipe kwanza, na pesa yenyewe ni futari ya nyumba kwa wiki. Jambo hilo nalo laathiri nani anasomwa na nani ananukuliwa, lakini leo silifungui.)

Sasa sisi tuliokaa chuoni mbele ya ustadh na kiboko chake, jambo hili si geni kwetu. Twajua sanadi. Fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka lifike kwa aliyesikia kwa sikio lake. Niliposoma kwa mara ya kwanza orodha ya marejeo chini ya makala ya tiba, nilicheka nikasema kumbe hawa nao wana isnadi. Lakini nilipozidi kusoma nikaona kuna tofauti, na ni kubwa. Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na wingi wa wapokezi. Walimchunguza mpokezi mmoja mmoja: mkweli? ana hifadhi nzuri? alikutana kweli na anayedai kamsikia? Mmoja mwongo katikati, mlolongo wote wadondoka, hata ukiwa mrefu na wa kupendeza. Faharasa ya nukuu haimchunguzi mtu. Yenyewe yahesabu tu.

Mfano ni Andrew Wakefield. Februari 1998 aliandika na wenzake katika The Lancet juu ya watoto 12, akaashiria kwamba chanjo ya surua ina uhusiano na maradhi ya usonji. Makala ile imenukuliwa mno, wengi wakiikanusha, na mnukuu wa kukanusha huhesabiwa moja sawa na mnukuu wa kusadiki. Ilichukua mpaka Februari 2010 jarida kuifuta. Katika miaka kumi na miwili hiyo wazazi waliogopa chanjo. Uvumi wenyewe umefika mpaka kwenye baraza zetu hizi, bila sanadi, bila jina la Wakefield, "wasema ati." Basi mwenye nukuu nyingi si lazima awe mkweli. Na mwenye chache si lazima awe duni.

Sasa nilikuahidi jambo langu.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, shirika moja, silitaji, lilitafuta vijana wa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza juu ya vyandarua. Fomu za karatasi, malipo kwa kila fomu. Nikapewa Kibarani kwa sababu ndiko nyumbani. Ikaangukia Ramadhan. Ndugu msomaji, wajua jua la hapa saa nane mchana ukiwa umefunga, vumbi la matrela, na mabati yanavyotoa moto. Siku moja nilibakisha nyumba tatu. Nikakaa kivulini nyuma ya ukuta wa msikiti, nikazijaza mwenyewe. Nilijua majina, nilijua wana watoto wangapi. Pale penye swali la usiku wa kuamkia leo niliandika ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sikuona kama nimesema uongo. Nilijiambia, majirani zangu hawa, wana chandarua, mbona ndivyo ilivyo. Kisha nikaadhiniwa alasiri, nikaingia msikitini, nikaswali safu ya mbele.

Wiki mbili baadaye, chuoni, nikapewa kusoma makala ile ya 2007. Nikafika kwenye jedwali. Kwale, mwaka huu asilimia kadhaa, mwaka ule asilimia kadhaa. Nikaanza kuwaza: huyu Noor hakuwa mlangoni kwa kila mama. Mlangoni alikuwa kijana kama mimi, mwenye fomu, mwenye kiu. Snow amemtegemea Noor, Noor amemtegemea kijana yule, kijana amemtegemea mama, na Geneva imewategemea wote. Mpokezi wa kwanza wa hadithi hii yote ni mtu ambaye jina lake halimo popote. Kama yule kijana wa Kwale angekaa kivulini, sijui watoto wangapi wangekuwa wanauziwa chandarua hadi leo.

Sikulala. Baada ya daku nikamtumia ujumbe msimamizi wetu. Alinipigia, na alinikaripia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika jarida la Ramadhan. Alikuwa na haki. Nikarudishwa nizipite nyumba zile tatu na mtu wa kunisimamia, bila malipo, na fomu zangu zote za wiki ile zikakaguliwa upya.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kweli, watoto walilala ndani. Nyumba ya pili mama alisita, akanitazama, akasema, "Mwanangu, nikwambie ukweli ama nikwambie ya kuandika?" Chandarua kilikuwa uani, kimezungushwa kwenye banda la kuku. Wale wakubwa waliobisha hawakuwa wamekosea kila kitu. Nyumba ya tatu ilikuwa na kufuli. Jirani akasema wamehama, sasa miezi miwili. Mimi nilikuwa nimemlaza mtoto ambaye hayupo, ndani ya chandarua ambacho hakipo, katika nyumba iliyofungwa.

Niliposimulia haya pale barazani kuna aliyecheka, na mimi pia nilicheka, maana lachekesha. Lakini mmoja wenu, kijana wa kidato cha tatu, akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Sasa na zile fomu za wenzako, waliojaza kivulini na hawakusema?" Nikamjibu kwamba watafiti wazuri hulijua hilo. Hutuma watu kurudia nyumba chache bila kutangaza, wakalinganisha. Siku hizi wengi hutumia simu zinazorekodi pahali uliposimama. Hayo ni kweli. Ila naona jibu langu halikumtosha, na mimi halikunitosha vilevile.

Nayasema haya kwa sababu kila mwaka kuna mashirika yanayopita pwani kutafuta vijana wenye kidato cha nne wanaojua mitaa. Watakuja kwako. Pesa ni ndogo, jua ni kali, na hakuna atakayekuona nyuma ya ukuta. Jina lako halitakuwa la kwanza, wala la tatu, wala la mwisho. Huenda likawa katika ile sentensi ya shukrani mwishoni, "tunawashukuru wasaidizi wa nyanjani", basi.

Makala ya vyandarua tumeitoa nakala nne, ziko kwa ustadh, usiziondoe bila kumwambia. Kiingereza chake kigumu, lakini majedwali hayahitaji Kiingereza sana. Jumamosi baada ya tarawehe tutalisoma jedwali la Kwale pamoja. Njoo na kalamu. Na yule mama wa banda la kuku amesema kaimati atatuletea yeye.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.